Kutoka Mkunazini Hadi Masasi

Wageni wengi wanaofika Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Unguja, wanakuja kuona utumwa. Wanasimama nje kwenye sanamu ya Clara Sörnäs, watu shimoni na minyororo shingoni, kisha wanaingia ndani na kuoneshwa duara la marumaru nyeupe lenye ukingo mwekundu mbele ya altare, mahali panaposemekana palikuwa na mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa. Wanapiga picha, wanaondoka. Wanaondoka wakati hadithi ndiyo kwanza inaanza. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa Juni 1873. Waliookolewa, wengi wao watoto, walikwenda wapi baada ya hapo? Jibu lina njia yake, na njia hiyo inafuatika mpaka leo: kutoka Mkunazini kwenda Kiungani na Mbweni, kisha kwa bahari hadi Lindi, na kutoka Lindi kuelekea bara hadi Masasi.

Misheni iliyowapokea, Universities' Mission to Central Africa, wazee wa Kianglikana huiita kwa herufi zake tu, UMCA. Ilizaliwa na hotuba ya David Livingstone pale Cambridge, Desemba 1857, na karibu ife changa. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki kwa homa bonde la mto Shire mwezi Januari 1862. Mwandamizi wake, William Tozer, akaamua kuhamia Unguja mwaka 1864, akifuatana na padre mmoja mwanasheria aliyeitwa Edward Steere. Hawakuwa na waumini. Waumini wa kwanza walitoka kwa Sultani Majid: wavulana watano walionaswa kwenye jahazi la watumwa, akawakabidhi kwa Askofu. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwekewa mikono na kuingia utumishi wa altare. Ukitaka kulihesabu kanisa hili tangu shina lake, utaanzia kwa watoto watano wasiokuwa na baba wala mjomba kisiwani.

Na lilikuwa kanisa la namna yake. Tangu mwaka 1833 pale Oxford kulikuwa na vuguvugu la kuwakumbusha Waanglikana kwamba wao nao ni warithi wa Kanisa Katoliki la kale: maaskofu wa tangu mitume, sakramenti, kitubio, Misa. Huko Uingereza jambo hili lilizua ugomvi mkubwa hata Bunge likatunga sheria mwaka 1874 ya kuwabana mapadre, na mwaka 1877 Padre Arthur Tooth akafungwa jela kwa kuishupalia ibada yake. UMCA ilitoka kwenye ukoo huo. Watumishi wake waliotoka Ulaya hawakulipwa mshahara. Walipewa posho ya pauni 20 kwa mwaka pamoja na matunzo, na aliyetaka kuoa aliondoka. Ibada yenyewe ilizidi kukolea kadiri maaskofu walivyofuatana, mpaka uvumba, mavazi ya Misa na Salamu Maria vikawa mambo ya kila siku. Ndiyo maana hata sasa Mwanglikana wa Masasi akienda kusali Dodoma, walikopita wamisionari wa CMS, misheni nyingine ya Kianglikana isiyofuata ibada ya namna hiyo, anatambua mara moja kwamba yuko ugenini kidogo.

Steere, ambaye alikuwa askofu kuanzia 1874, ndiye aliyelisimamisha jengo la Mkunazini. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, kwenye kiwanja ambacho sehemu yake ilinunuliwa na Padre Arthur West na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Paa lake la duara ni matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, na watu wengi waliamini litaanguka. Halijaanguka. Kuna nguzo ndogo ndani ambazo inasimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha kichwa chini, Steere akiwa safarini. Yeye mwenyewe alifariki Agosti 1882 na amezikwa nyuma ya altare kuu. Kwenye nguzo moja umetundikwa msalaba wa mti wa Chitambo, mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Naupenda msalaba huo, lakini kwangu kazi kubwa zaidi ya Steere iko nje ya jengo: sarufi yake ya Kiswahili na mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, vyote vya 1870, na tafsiri za Maandiko alizozipitia na wazee na vijana wa mjini. Aliwasalisha watu kwa lugha waliyoongea sokoni.

Kiungani, kusini kidogo mwa Mji Mkongwe, walikaa wavulana. Hapo ndipo walipofundishwa ualimu na upadre, na hapo lilichapishwa Msimulizi mwaka 1888, moja ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili, likipeleka habari za vituo vya mbali kwa watu waliokwishasoma pamoja. Ukisonga mbele zaidi na pwani unafika Mbweni.

Mbweni ndipo pa kukaa. Tozer alilinunua shamba hilo mwaka 1871 kwa ajili ya watu waliookolewa, akawagawia viwanja vya kujenga na kulima. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wazigua, Wanyamwezi. Kila mmoja na lugha yake, na wengi waliotekwa wakiwa wadogo hawakujua hata kijiji walichotoka. Mtu wa pwani anajua maana ya kukosa ukoo. Nani atakuozesha? Nani atakuosha ukifa? Pale Mbweni majibu ya maswali hayo yalitolewa na parokia. Msimamizi wa ubatizo akawa mjomba. Jina la mtakatifu likawa jina la mlango. Wasichana walisoma shule ya Mtakatifu Maria chini ya Caroline Thackeray, aliyefika Unguja mwaka 1877 na kubaki mpaka kifo chake mwaka 1926, na wengi wao waliolewa na vijana wa Kiungani. Hao wake za walimu ndio waliokuwa nguzo za vituo vya bara: walifundisha wanawake, waliuguza, waliwapokea wageni, na vitabu vya misheni vimewataja kwa uchache usiowastahili.

Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililowekwa wakfu mwaka 1882, bado liko, dogo, lenye mnara, limezungukwa na makaburi. Magofu ya shule yamo ndani ya bustani ya hoteli. Altare ya kanisani ni ya marumaru iliyonakshiwa kwa chaza za lulu, na hilo lanigusa kuliko ukubwa wa Mkunazini: watu walionunuliwa na kuuzwa kama mizigo walisali mbele ya kitu kizuri namna ile, kikiwa chao. Mtoto mmoja wa jumuiya hiyo, Martin Kayamba, alizaliwa Mbweni mwaka 1891, akasoma Kiungani, na mwaka 1922 akaanzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, ambacho wanahistoria wanakihesabu miongoni mwa mizizi ya siasa za Tanganyika.

Lakini shamba halikutosha watu wote, na wengine walitamani kwao. Mwaka 1876 Steere aliondoka na kundi la watu wazima wa Mbweni, wanaume kwa wanawake, kwa bahari mpaka Lindi, kisha kwa miguu kuelekea upande wa Ziwa Nyasa. Njia waliyoipita ilikuwa ileile ya misafara ya watumwa. Walitembea kwa hiari pale ambapo baadhi yao waliwahi kupita na kongwa shingoni, na njiani waliona maiti za walioachwa. Walipofika Masasi, chini ya milima ile ya mawe, wakaona ardhi njema na maji, wakasema basi, tukae hapa.

Walijenga, wakalima, wakapiga kengele ya sala asubuhi na jioni. Septemba 1882 wapiganaji wa Kingoni, ambao kusini waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuteka, wakachoma. Waliowahi kuokolewa wakatekwa tena. Mmisionari Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, na wengine walirudi Unguja. Watu wengine wangesema njia imekatika hapo. Wao walirudi kujenga.

Aliyeiunganisha tena zaidi ya wote, kwa maoni yangu, ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, aliuzwa akiwa mtoto, akalelewa Kiungani. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, upande wa Newala, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza wa misheni hii. Kituo chake kilistawi bila Mzungu, kwa sababu aliongea na Wayao wenzake kama mtu wa nyumbani. Njia hiyohiyo aliipita baadaye Padre Yohana Abdallah, ambaye kitabu chake cha historia ya Wayao kwa lugha yao kilitoka mwaka 1919.

Huku kisiwani, Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyeuongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana wakatoliki pale London mwaka 1923, aliwaambia wananchi wenzake waziwazi kwamba kumwabudu Kristo katika tabernakulo hakuna maana kama wanawapita maskini mitaani. Hakuyaokota maneno hayo London. Miaka mitatu kabla alikuwa ameandika kuwashambulia watawala kwa kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi, na mwaka 1916 alitembea mwenyewe na wapagazi aliowaongoza katika Vita Kuu ya Kwanza. Walimu wa UMCA waliokuwa bara, kwenye himaya ya Wajerumani, walifungwa na kupigwa viboko kwa kushukiwa ujasusi. Kayamba alikuwa mmoja wa waliowekwa kizuizini.

Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas, aliyekalia kiti tangu 1926, alifanya jambo ambalo wamisionari wengi walilikimbia. Aliliingiza jando kanisani. Pale uliposimikwa lupanda, mti wa mila ya jando, ukasimikwa msalaba, wavulana wakaungama na kupokea Komunyo, na Misa ikasomwa kambini. Si kila mzee aliridhika, wala si kila padre. Kuna waliosema mambo ya mababu yamepunguzwa, na malalamiko yao yana haki yake. Hata hivyo watoto hawakulazimika tena kuchagua kati ya kuwa Wamakua au Wayao kamili na kuwa Wakristo, na wazazi wao walilielewa hilo upesi.

Mwaka 1946 masista wa Kizungu wa misheni waliwalea mabinti wa Kiafrika kuanzisha shirika lao wenyewe, Chama cha Mariamu Mtakatifu, ambacho masista wake wanafundisha na kuuguza Masasi na kwingineko. Mwaka 1960 alifika Masasi Askofu Trevor Huddleston, aliyekwishajulikana duniani kwa kupinga ubaguzi Afrika Kusini. Alikaa miaka minane. Alipoondoka mwaka 1968, kiti cha Masasi kilikwenda kwa Hilary Chisonga, Mwafrika wa kwanza kukikalia.