Wafalme wa Kwanza wa Waebrania na Maneno ya Wenye Hekima

Kamati ya gazeti letu iliponiomba niandike machache kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, nilikumbuka mara moja somo la Maarifa ya Biblia tulilosoma Kidato cha Tatu mwaka 1996. Mwalimu alitukaririsha majina ya wafalme kwa mpangilio: Sauli, Daudi, Sulemani, Rehoboamu. Tuliyaandika katika mtihani, na wengi wetu tukayaacha humo humo. Leo, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuitumikia Serikali, nimeirudia habari ile, nami nimemkuta mtu ambaye darasani hatukumtazama hata kidogo. Jina lake Adoramu, naye alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi.

Kwanza tukumbushane historia yenyewe. Maandishi ya kale kuliko yote yanayojulikana kulitaja jina la Israeli nje ya Biblia yamo katika jiwe la Farao Merneptah wa Misri, la yapata mwaka 1208 kabla ya Kristo. Biblia yasimulia kwamba makabila yale hapo mwanzo hayakuwa na mfalme, bali waamuzi waliotokea nyakati za shida. Wafilisti walipowazidi nguvu, wazee walimwendea Samweli wakataka mfalme kama mataifa mengine. Samweli hakuwaficha gharama yake: mfalme atawachukua wana wao kwa vita na kazi, atatwaa mashamba yao mazuri, atatoza sehemu ya kumi ya mavuno. Wakasikia, wakashikilia neno lao.

Akatawazwa Sauli, aliyeishia vitani katika mlima Gilboa. Akafuata Daudi, yapata mwaka 1000 kabla ya Kristo, akatawala kwanza Hebroni na baadaye Yerusalemu. Wako wataalamu waliodhani kwamba Daudi ni hadithi tu, mpaka mwaka 1993 lilipofukuliwa huko Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, jiwe la karne ya 9 kabla ya Kristo lenye maandishi ya Kiaramu yanayoutaja ukoo wake. Ukubwa wa dola yake wanahistoria wanaubishania hata sasa.

Sulemani, mwanawe, ndiye aliyeunda utawala ambao sisi watu wa ofisini tunautambua mara moja. Kwa mujibu wa Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, aliweka maakida 12, na kila mmoja aliilisha nyumba ya mfalme mwezi mmoja katika mwaka. Aliwatoza watu shokoa, yaani kazi ya lazima: watu 30,000 walipelekwa Lebanoni kukata miti, 10,000 kwa zamu, mwezi mmoja kazini na miwili nyumbani. Msimamizi wa shokoa hiyo alikuwa Adoramu, ambaye mahali pengine ameandikwa Adoniramu.

Sulemani huyo huyo ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa hekima. Mithali, Mhubiri na Wimbo Ulio Bora vimehusishwa na jina lake, kama Zaburi zilivyohusishwa na Daudi. Lakini Mithali yenyewe yakiri kwamba maneno yake ni ya watu wengi, na kwamba sehemu moja ilinakiliwa na watu wa Mfalme Hezekia, yapata miaka 200 baada ya Sulemani. Tena mwaka 1924 Mjerumani Adolf Erman alionyesha jinsi sehemu nyingine inavyofanana na mafundisho ya Amenemope wa Misri, aliyekuwa ofisa wa mambo ya nafaka. Basi hekima hii ilipita mikononi mwa makarani. Ndiyo maana ina mengi juu ya rushwa, mizani ya udanganyifu, na namna ya kusema mbele ya mkubwa.

Sisi tuliofundishwa kuhesabu mizani na kutafuta vina tusivitafute huko. Robert Lowth, aliyekuwa profesa wa ushairi huko Oxford, alieleza katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1753 kwamba shairi la Kiebrania husimama juu ya ulinganifu wa maana: nusu ya kwanza hutoa neno, nusu ya pili hulirudia kwa sura nyingine au hulipinga. Ni kama watu wawili wanaojibizana, na ukweli hupatikana kwa kuwasikiliza wote wawili.

Hapo ndipo Rehoboamu aliposhindwa. Yapata mwaka 930 kabla ya Kristo, Sulemani alipokwisha kufa, watu walikusanyika Shekemu wakamwomba mwanawe awapunguzie mzigo. Wazee waliomtumikia baba yake wakamshauri akubali. Vijana waliokua pamoja naye wakamshauri akaze kamba zaidi. Akawafuata vijana. Makabila kumi yakamkana. Naye akamtuma nani kwenda kwao? Adoramu wa shokoa! Wakampiga mawe hata akafa, na mfalme akapanda gari lake akakimbilia Yerusalemu.

Habari hii hainipi usingizi, nami nitasema sababu yake. Miaka kadhaa iliyopita niliandika dokezo kuhusu michango ya vijijini, nikaeleza kwamba mvua haikunyesha, kwa hiyo michango isubiri mavuno yajayo. Mkubwa wangu akaniagiza niondoe aya hiyo. Nikaiondoa. Baadaye nilitumwa huko huko kufuatilia makusanyo, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huko ofisini hakuna hata mmoja aliyejua kwamba hatukuvuna?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejua, tena nilikuwa nimeandika.

Wale wazee wa Shekemu walijua pia. Kitabu hakisemi kama waliwahi kumwambia Sulemani yale waliyomwambia mwanawe. Pengine walinyamaza muda wote wa enzi ya baba, na waliposema, masikio yalikuwa yamekwisha kuziba.

Ufalme wa kaskazini ulianguka yapata mwaka 722, na Yerusalemu yapata mwaka 586 kabla ya Kristo. Maneno hayakuanguka. Katika mapango ya Qumran, yaliyoanza kugunduliwa mwaka 1947, vimepatikana vipande vya Mithali, Ayubu, Mhubiri na Zaburi vilivyonakiliwa zaidi ya miaka 1,900 iliyopita.

Nanyi wadogo zetu mlioko madarasani, karirini majina ya wafalme, maana mtihani utayauliza. Lakini wengi wenu hamtakuwa wafalme. Mtakuwa makarani, waalimu, mabwana shamba na maofisa. Siku moja mtaambiwa mwondoe aya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli. Ila mkuu asiyeambiwa ukweli huvunjika pia, na anayetangulia kupigwa mawe ni yule aliyetumwa.