Mkono Mmoja Haulei Mwana, Hata Stratford

Nyumbani kwetu kulikuwa na methali mbili za malezi. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" ilitolewa mtoto wa mtu alipoharibika, na lawama ikaenda moja kwa moja kwa mama yake. "Mkono mmoja haulei mwana" ilisikika mara chache. Kwenye kipindi tuliongelea ile ya kwanza. Leo niwape historia ya ile ya pili, na imetokea hapa hapa kwetu, mashariki mwa London.

Tuanze 1914. Toka Stratford, vuka mto Lea (ndiyo, unaandikwa kama kulea), uingie Bow. Vita Kuu vilipoanza, bei ya chakula ilipanda, viwanda vingine vikafungwa, wake wa wanajeshi wakawa wanasubiri posho. Watoto wachanga wakadhoofika kwa kukosa maziwa. Je, mama zao hawakujua kulea? Sylvia Pankhurst na wenzake, waliokuwa wakidai wanawake wapige kura, waliona tatizo ni pesa na maziwa. Mwaka 1915 wakachukua baa ya Gunmakers' Arms, barabara ya Old Ford, wakaigeuza kliniki na kituo cha kulelea watoto. Wakaiita Mothers' Arms, yaani mikono ya akina mama. Mama akienda kiwandani, mwanawe anabaki pale, analishwa na kuangaliwa afya. Huyu Sylvia, by the way, ni jirani yetu mara mbili: alihamia Ethiopia 1956, akafa 1960, na kaburi lake liko Addis Ababa.

Sasa turuke karibu miaka 100. Westfield imefunguliwa 2011, Olimpiki imepita 2012, Stratford inang'aa. Mwaka 2013, akina mama vijana 29 wa hosteli ya Focus E15 wakaambiwa watoke na watoto wao, baada ya halmashauri ya Newham kukata pesa za hosteli. Wakatajiwa nyumba za mbali: Manchester, Birmingham, Hastings. Hebu fikiria una mtoto wa miezi sita, halafu unaachana na mama yako, dada yako na kliniki yako kwa siku moja. Waligoma. Septemba 2014 wakaingia kwenye nyumba zilizokaa tupu Carpenters Estate, karibu na stesheni, wakakaa kama wiki mbili. Madai yao yalikuwa nyumba, lakini walichokuwa wanalinda ni ile mikono mingine.

Kwa nini ni muhimu hivyo? Kwa sababu ubongo hukua kwa kasi kubwa miaka ile ya mwanzo, na mtoto hujifunza kuongea kwa kuongeleshwa. Chumba chenye ukungu ukutani, kuhamahama, mzazi aliyechoka: vyote vinamfikia. Msaada nao unamfikia. Serikali ilianzisha vituo vya Sure Start 1999. Mwaka 2024 watafiti wa Institute for Fiscal Studies walionyesha kwamba watoto waliokulia karibu na vituo hivyo walifanya vizuri zaidi kwenye GCSE, hasa wa familia maskini. Wazazi walikuwa wale wale, mikono tu iliongezwa. Lakini kuanzia 2010 bajeti zilikatwa, na vituo vingi vikafungwa.

Mama yangu alinilea kwenye chumba kimoja cha kupanga. Kwao Tanga angekaa arobaini: anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji, shangazi wanapokezana mtoto. Hapa alirudi kufanya usafi maofisini, alfajiri na tena jioni. Kwa hiyo miaka ile ninajifunza maneno, mwenye Kiswahili nyumbani hakuwepo. Aliyekuwepo ni televisheni, nayo iliongea Kiingereza.

Basi ndugu wakituuliza tena harusini kwa nini Kiswahili chetu kinachechemea, na jicho likamgeukia mama, tuwajibu kwa heshima: shikamoo shangazi, kwanza muulize alikuwa anatoka kazini saa ngapi, na nani alikuwa amembebea mtoto.