Gari la Babu, Injini ya Ugenini: Khabari za Mafundi wa Havana

Katika mji wa Havana, dereva wa teksi ya abiria wengi huitwa botero, jina ambalo kwa Kihispania ni la mwenye mashua, mvushaji wa watu. Gari lake nalo huitwa almendrón, yaani lozi kubwa, kwa jinsi bodi lake lilivyofura na kuviringana. Sisi tuliozaliwa visiwani hatuhitaji kufasiriwa zaidi. Kwetu pia neno chombo hutumika kwa jahazi, kwa gari na kwa sufuria ya jikoni, na chombo cha safari hupimwa kwa swali moja: kinafika au hakifiki?

Swali la makala haya ni jingine kidogo. Lozi kubwa hilo lilitengenezwa Marekani kabla ya mwaka 1959, lakini mara nyingi halina tena injini lililozaliwa nayo. Fungua boneti ya Chevrolet ya mwaka 1955, na unaweza kukuta injini ya dizeli ya Kijapani au ya Kikorea, iliyopachikwa na mwenye gari akisaidiwa na jamaa na majirani, uani kwake, bila ya gereji. Je, hilo bado ni gari la babu yao? Na ni nani mwenye haki ya kujibu?

Tuanze na asili ya mambo. Baina ya Florida na Kuba pana bahari ya kiasi cha kilomita 150 tu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 magari ya Kimarekani yaliivuka bahari hiyo kwa wingi: Ford, Chevrolet, Buick, Dodge, Plymouth, na kwa wenye nacho, Cadillac. Tarehe 1 Januari 1959 Batista aliikimbia nchi, na utawala ukaangukia mikononi mwa Fidel Castro na wenzake. Mwezi wa Oktoba 1960 serikali ya Eisenhower ilizuia bidhaa za Marekani zisiingie Kuba, isipokuwa chakula na dawa. Februari 1962 Kennedy akaufunga mlango uliobaki. Tangu hapo halikuja tena gari jipya kutoka Detroit, wala plagi, wala pete ya pistoni.

Wageni wengi hudhani kwamba magari yale yaliishi kwa sababu wenyewe walipenda vya kale. La. Sababu kubwa ilikuwa ni milki. Magari yaliyoletwa baadaye kutoka Muungano wa Kisovieti, Moskvitch, Volga na Lada, yaligawiwa na dola kwa watu iliyowaona wanastahiki, na mwenye kupewa hakuwa na ruhusa ya kuliuza gari lake kwa hiari yake. Gari lililokuwemo nchini kabla ya mapinduzi ndilo pekee ambalo raia aliweza kulinunua na kulimpa mwenziwe bila ya kizuizi. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 2011. Kwa zaidi ya miaka 50, basi, gari bovu la babu ndilo lililokuwa gari lako hasa. Ukiliacha life, hupati jingine la namna yake.

Ndipo injini zilipoanza kuhama. Mwanzo zilitoka katika magari ya Kisovieti. Injini ya Volga, yenye silinda 4 na ujazo wa lita 2.4, iliingia katika kifua kilichoumbwa kubeba silinda 6 au 8. Hapa historia ina kichekesho chake. Kiwanda cha GAZ kilichotengeneza Volga kilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1929 na Henry Ford mwenyewe, na magari yake ya kwanza, mwaka 1932, yalikuwa ni malori ya Ford kwa jina la Kirusi. Injini ya lori lake mashuhuri, GAZ-51, nasaba yake inarudi kwenye injini ya Dodge ya miaka ya 1930. Marekani na Urusi zilipokuwa zikitishiana kwa mabomu, vyuma vyao vilikuwa ni binamu. Mkuba aliyekuwa akihangaikia gari lake hakuwa na haja ya kuambiwa hayo, spana ilimwambia.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, dhiki ilizidi. Wakuba huziita zama hizo Kipindi Maalumu. Mafuta yaliyokuwa yakija kwa bei ya udugu yalipungua, kufikia mwaka 1992, hadi kiasi cha nusu ya yale ya 1989. Baiskeli zaidi ya milioni moja zilitoka China, na watu wakajifunza kupanda baiskeli utu uzima. Injini ya Chevrolet ya silinda 8, yenye lita 4.3, iliyobuniwa wakati petroli ilikuwa rahisi kama maji, ikawa ni mdomo usiolishika. Hapo ndipo dizeli ilipopata heshima. Injini zilitolewa katika matrekta na malori yaliyokufa, hata mashine za mashua zilipanda barabarani. Baadaye zikaja za Toyota, Mitsubishi, Hyundai na Peugeot. Dizeli ilikwenda masafa marefu zaidi kwa lita moja, na ilipatikana kwa urahisi zaidi, ijapokuwa njia zake hazikuwa za halali daima.

Kazi yenyewe yafaa kuelezwa, maana anayeisifu bila kuijua huisifu kwa mdomo tu. Mnyororo wa kunyanyulia hufungwa juu ya boriti au tawi la mti. Injini ya kale hung'olewa, nayo ni chuma kizito ambacho watu wawili hawakiwezi. Injini mpya ikishushwa, huonekana mara moja kwamba haikuumbiwa pale: fupi, ina upande mwingine wa kutolea moshi, na tundu zake za kufungia hazilingani na za chesisi. Fundi huchora kwa chaki, akakata bamba la chuma na kuchomelea vikalio vipya. Kisha huja shida ya giaboksi. Ikiwa ni ya zamani, lazima pawe na bamba la kati la kuiunganisha na injini, na bamba hilo likikosea kwa unene wa ukucha, klachi itakula mpaka iishe. Ikiwa giaboksi ni ya injini mpya, basi shafti ya kupelekea nguvu nyuma haitoshi tena. Hukatwa au huungwa, kisha husawazishwa ili isitikise gari zima.

Umeme nao una mambo yake. Chevrolet za mpaka mwaka 1954 zilitumia volti 6, na injini za siku hizi hutaka volti 12. Taa, honi na nyaya zote hubidi kuangaliwa upya. Halafu kuna breki. Injini ya petroli ina mvuto wa hewa ambao unaweza kuusaidia mguu wa dereva. Ya dizeli haina, basi fundi akitaka msaada huo hutia pampu ya kuvuta hewa. Tena dizeli haiwashwi kwa cheche. Huikandamiza hewa mpaka ikawa moto wa kuyaunguza mafuta: ikiwa petroli ya miaka ya 1950 ilikandamizwa mara 8, dizeli hukandamiza mara 20 au karibu yake. Kwa hiyo hutetema, na mtetemo huo hulegeza misumari ya bodi iliyozoea mwendo laini. Fundi mwema hufikiri injini, breki, rejeta na difu kwa pamoja. Fundi mbaya hufikiri injini tu, na barabara humfundisha.

Kwamba gari ni chombo, Wakuba walikuja kulithibitisha wazi zaidi kuliko walivyokusudia waliomwita dereva mwenye mashua. Julai 2003, watu 12 waliingia baharini kuelekea Florida ndani ya lori la Chevrolet la mwaka 1951. Walilifunga mapipa matupu ubavuni lielee, na nguvu ya injini wakaipeleka kwenye panga la kusukumia maji. Walinzi wa pwani wa Marekani waliwakamata njiani, wakawarejesha kwao, na lori wakalizamisha. Februari 2004 ikajaribiwa tena, safari hii kwa Buick ya mwaka 1959 iliyozibwa milango isiingie maji. Hiyo nayo ilikamatwa na kuzamishwa. Dunia ilicheka na kupiga picha. Lakini anayejua bahari hacheki. Anajua kwamba mtu hampakizi mwanawe ndani ya gari na kulitia majini ila nchi kavu iwe imemshinda.

Nalisema hili kwa sababu kuna namna ya kuyasifu magari haya ambayo ni dhulma. Mgeni hupanda gari la waridi lisilo na paa, akapiga picha, akarudi kwao akisema Kuba ni mahali ambapo wakati umesimama. Wakati haukusimama. Ulipita, na kila ulipopita uliacha injini nyingine chini ya boneti. Vilivyosimama ni vyuma vya nje tu. Mwaka 2014 serikali ilipofungua maduka ya magari kwa raia wote, Peugeot 508 mpya iliandikwa bei ya zaidi ya dola 250,000, katika nchi ambayo mshahara wa mwezi ulikuwa kama dola 20. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba amechagua kuishi na ukale. Na katika miaka hii ya 2020 uhaba wa mafuta umerudi, hata dizeli iliyokuwa kimbilio nayo imekuwa ya kupangiwa foleni.

Marekani kwenyewe, mkusanyaji wa magari ya kale hutazama kwanza nambari iliyopigwa kwenye injini. Ikilingana na ya chesisi, gari ni la thamani. Isipolingana, thamani hushuka. Kwa kipimo hicho, almendrón lenye dizeli ya Hyundai ni gari lililoharibiwa. Havana kipimo ni kinyume: dizeli njema huliongezea gari bei, kwa kuwa litamlisha mwenyewe. Sisemi kwamba mkusanyaji hana hoja. Injini ya asili ikitupwa, elimu fulani hutupwa nayo. Sauti yake haisikiki tena, na moshi wa dizeli kongwe si marashi. Lakini gari la mkusanyaji hulala chini ya shuka, na la botero linapeleka watu hospitali.

Wapenzi wa mashairi watakuwa wamekwisha kuona ninakoelekea. Sisi nasi tumegombana juu ya bodi na injini. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, aliandika namna chombo kinavyopaswa kuundwa: vina, mizani, vipande. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wengi waliona amekivunja chombo chenyewe. Mabishano yalikuwa makali, na kila upande ulikuwa na la haki. Lakini kati ya pande hizo mbili kulikuwa na watu wasiopiga kelele, wale waliouacha utenzi na bodi lake la mizani 8 na kutia ndani yake khabari za UKIMWI, za ubunge na za bei ya karafuu. Mimi huwaona hao kuwa ndio mafundi wa uani. Hawakuuliza kama utenzi unaruhusiwa kusema hayo. Walipima, wakakata, wakaunga, wakasikiliza kama unatetema.

Visiwa vyetu na Kuba vina undugu wa zamani kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Zanzibar ilikuwa na ofisi yake Havana, na kijana Salim Ahmed Salim alikuwa miongoni mwa waliotumikia huko. Mapinduzi yao na yetu yote ni ya mwezi wa Januari. Havana ya Kale iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982, na Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati ikifanyiwa ukarabati. Sikusudii kuwafundisha wahandisi kazi yao. Lakini siku ile nilikumbuka kwamba jumba lile lilikuwa na sifa nyingi za nje, na kwa miaka mingi si wengi waliolitazama ndani kama mtu anavyolitazama gari linalompa mkate wake.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na watu wa Havana wamekijua kinyemi na kidonda chake. Ukimuuliza mwana aliyerithi gari kama bado ni la babu yake, huenda akakujibu kwa kukuonesha viungo vilivyochomelewa: hiki alikichomelea babu, hiki baba, hiki yeye mwenyewe mwaka juzi. Nambari ya injini haimo katika jibu lake. Imo mikono mitatu iliyolishika gari moja, na spana zilizorithiwa pamoja nalo.