Petroli Iliyookolewa Ilienda Wapi?

Hapa Mvara, ukipanda boda, subiri mfike penye mteremko. Dereva anazima injini, pikipiki inashuka yenyewe. "Hapa tunaenda bure, mzee," ananiambia. Si bure. Petroli iliyotupandisha ndiyo hiyo inayotushusha, na akikanyaga breki kule chini, nguvu iliyobaki inageuka joto na kupotea. Watengenezaji wa magari ya mashindano nao walisumbuliwa na joto hilo miaka mingi. Walipopata njia ya kuikamata nguvu hiyo kabla haijageuka joto, je, petroli ilipungua?

Tuanze karibu na kwetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda mara 5. Mara ya kwanza ilikuwa 1973, akiendesha Datsun 240Z, mwaka mmoja tu baada ya familia yake kuukimbia utawala wa Idi Amin na kuhamia Kenya. Wakimbizi wenzangu, mkumbuke huyo. Ila gari lake lilikuwa kama boda yetu: kila alipofunga breki, nguvu aliyokwisha kuilipia kwa petroli iliishia hewani.

Mwaka 2009 Formula 1 iliruhusu mtambo wa kukamata nguvu hiyo. Unafanya kazi kama dainamo ya baiskeli: gari likipunguza mwendo, magurudumu yanauzungusha, umeme unaingia kwenye betri, halafu dereva anautumia kukimbia zaidi. Aliruhusiwa kilowati 60, kwa sekunde 6 na kitu katika kila mzunguko. Mwaka huohuo Lewis Hamilton akashinda Hungaria, ushindi wa kwanza wa gari lenye mtambo huo. Na petroli? Hakuna sheria iliyowadai waipunguze. Kilichookolewa kililiwa na kasi.

Mwaka 2014 sheria ikaja: kila gari kilo 100 za petroli kwa shindano zima, basi. Kabla ya hapo gari lilichoma kama kilo 150. Dainamo ikaongezwa hadi kilowati 120, na nyingine ikawekwa kukamata hata joto la moshi wa injini. Tuseme kweli, injini nazo zilibadilishwa, kutoka lita 2.4 hadi lita 1.6 zenye tabo, kwa hiyo sifa si ya mtambo peke yake. Lakini sasa akiba ilionekana kwenye tangi, kwa sababu tangi lilikuwa na kikomo.

Kisha mtambo ukafika kwetu. Safari Rally ya 2022, kule Naivasha, magari makubwa yalikuja na mota ya umeme ya kilowati 100. Kalle Rovanperä akashinda, na Toyota ikachukua nafasi zote 4 za mwanzo. Hapo gari moja lilitoa majibu mawili. Kwenye maeneo yaliyopangwa, kama sehemu ya mafundi, lilitembea kwa umeme mtupu, petroli haikuguswa. Kwenye vumbi la mashindano, umeme uliongezwa juu ya injini ili likimbie zaidi. Mwaka 2025 mtambo ukatolewa, kwa sababu ya gharama na ugumu wake, na uzito wa chini unaoruhusiwa ukashushwa kwa kilo 80.

Kwa hiyo mtambo unaokoa nguvu, hilo ni kweli. Ila akiba inakwenda pale mwenye nayo anapoihitaji, au pale sheria inapoipeleka.

Nimeandika haya kwa sababu ya kuni. Mama kambini anapewa jiko la kubana kuni. Baada ya miezi, mfanyakazi wa shirika anarudi na karatasi yake: mbona mzigo wa kuni ni uleule? Mama hajadanganya, na jiko halijaharibika. Zamani alipika mara moja kwa siku. Leo maharage yanaiva vizuri na jioni watoto wanapata chai. Akiba ameila, kama Hamilton alivyoila yake.

Najua kila mzigo wa kuni ni safari ya porini, na pengine ugomvi na wenyeji. Kupunguza ni lazima. Lakini ndugu zetu wa mashirika, kabla hamjahesabu kuni, hesabuni sufuria. Timu za Formula 1 ziliwekewa kikomo zikiwa zimeshiba. Huyu mama ndiyo kwanza anaanza kula.