Msomaji wa Mpemba: Riwaya Pendwa za Kiswahili na Mazungumzo ya Wasomaji Wake

Jina Mpemba lisimpoteze msikilizaji aliyelelewa pwani. Simzungumzii mtu wa kisiwa cha Pemba, bali mahali: Mpemba iliyo kando ya barabara kuu iendayo mpakani Tunduma, pale inapochepuka barabara ya Isongole, wilayani Ileje. Tangu mwaka 2016 eneo hili limo katika Mkoa wa Songwe. Kabla ya hapo lilikuwa Mkoa wa Mbeya. Nimelichagua kwa kuwa liko mbali na wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, na kwa kuwa wengi wa watu wa ukanda huo hulelewa katika Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali kabla ya kukifikia Kiswahili cha vitabuni. Swali langu ni hili: riwaya ya kusisimua humfikiaje msomaji wa huko, naye hujuaje kuwa ni riwaya ya aina gani?

Jibu langu ni kwamba aghalabu huambiwa na msomaji mwenziwe. Historia ya fasihi yetu tumezoea kuiandika kwa kufuata watunzi, wachapishaji na wahakiki. Wasomaji wanaoazimana vitabu, wakasimuliana na kubishana, tumewaacha nje ya mlango. Ilhali utanzu hauzaliwi na mtunzi peke yake, wala haubatizwi na mhakiki peke yake. Husimama pale wasomaji wanapopata lugha ya kuuzungumzia.

Tuanze na riwaya ya upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale, wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ulishinda shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957/58, ukachapishwa mwaka 1960. Humo aliingia Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na subira, ambaye nasaba yake inamrudia Sherlock Holmes. Lakini Kiswahili cha kitabu hicho ni cha Unguja, kimejaa misemo ya huko. Kwa msomaji wa bara, fumbo la kwanza halikuwa la mauaji, lilikuwa la msamiati. Hapana budi aulize; na akiuliza, mazungumzo juu ya kitabu yamekwisha kuanza.

Baada yake akaja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Kufa na Kupona mwaka 1974, halafu Ben Mtobwa na mhusika wake Joram Kiango. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 iliongeza wanaojua kusoma. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, pamoja na barabara kuu iliyo sambamba nayo, ikaufungua ukanda huu kwa wasafiri na mizigo yao. Tuangalie vitabu hivi vilivyoitwa: mtu haulizii riwaya ya upelelezi, huulizia kitabu cha Willy Gamba au cha Joram. Jina la mhusika likawa ndilo jina la utanzu, na wasomaji ndio walioliweka katika matumizi.

Vyuo vikuu, kwa upande wao, viliviita vitabu hivyo fasihi pendwa, vikavitenga na fasihi dhati. Matokeo yake hayakuwa ya kinadharia tu. Kisichofundishwa hakikutunzwa kwa bidii, na miaka ya 1980 karatasi ilipoadimika nchini, si kila toleo liliweza kurudiwa. Nakala iliyopita mikono mingi hupoteza jalada, kisha kurasa za mwisho. Hapo anayekumbuka mwisho wa hadithi ndiye maktaba.

Sasa tutazame upande wa pili, yaani bunilizi za kisayansi. Husemwa kwamba Kiswahili hakinazo. Lakini katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, Dzombo aliyehukumiwa kifo hutiwa katika chombo cha angani, akatua kwenye ulimwengu ambao jina lake lenyewe ni fumbo: wale ni sisi. Mzingile ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1991, inatupitisha katika dunia iliyoteketea. Wahakiki wameziita riwaya za majaribio. Istilahi hiyo si mbaya, ila haimwambii kijana atafutaye safari za anga kwamba hapa ipo moja.

Atatokea wa kunipinga kwamba Mkangi alikusudia siasa, na kwamba chombo chake ni gari la kubebea hoja tu. Nakubali kuwa alikusudia siasa. Lakini hata H. G. Wells, alipowaleta watu wa Mirihi Uingereza katika riwaya yake ya mwaka 1898, alikuwa akiwauliza Waingereza juu ya maangamizi waliyoyafanya Tasmania. Hoja ya kisiasa haikuutoa utanzu ule mahali pake. Tofauti ni kwamba Wells alipata wasomaji waliobishana juu ya watu wa Mirihi wenyewe, na Mkangi akapata zaidi wanafunzi walioulizwa dhamira.

Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na simu za mkononi zilipoenea, aliyeko Mpemba anaweza kumwuliza aliyeko Maskati au London kama anakikumbuka kitabu fulani. Ni maazimano yale yale kwa njia mpya, na yana hasara zake: kurasa hupigwa picha na kusambazwa bila mtunzi kupata senti, na simu ikipotea, mazungumzo hupotea nayo.

Ndiyo maana nawaomba wanafunzi wa Kiswahili jambo moja. Waliosoma riwaya hizi zilipokuwa mpya ni wazee sasa. Waendeeni, muwaulize walikipata kitabu kwa nani na walibishania nini, kisha myaandike majibu. Na mkifika Mpemba, chukueni Walenisi mkoani, mkamwazime mtu bila kumwuliza dhamira. Mwulizeni tu alifika ukurasa wa ngapi kabla ya usingizi kumshinda.