Bakombozi walipomaliza kazi yao

Waganda waliwaita bakombozi. Askari wa Tanzania walipoingia Kampala Aprili 11, 1979, wakiwa na wapiganaji wa Uganda, watu walijaa barabarani wakishangilia. Muda si mrefu maduka na ofisi za serikali zikavamiwa, kila kilichobebeka kikabebwa. Polisi wa kuzuia hawakuwepo.

Kilichoharibika hakikuwa majengo tu, ingawa mji wa Masaka ulikuwa magofu. Hapo tuseme ukweli: jeshi letu ndilo lililoubomoa mji ule, kulipiza yale ambayo Idi Amin, mtawala wa Uganda, aliyafanya Kagera, Tanzania, mwaka 1978. Uchumi nao ulikuwa wa magendo, tangu Waasia wafukuzwe mwaka 1972 na maduka yao kugawiwa watu waliokuja kuitwa mafuta mingi.

Mpango wa kuijenga upya nchi ulikuwepo. Machi 1979, vita ikiendelea, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi, yakaunda umoja wa UNLF na kumchagua Yusuf Lule, aliyewahi kuongoza chuo cha Makerere. Lule alidumu siku 68 kama rais. Baraza la Ushauri la Taifa lilimwondoa, likilalamika kwamba aliteua mawaziri bila kuliuliza. Akaja Godfrey Binaisa. Mei 1980 alijaribu kumwondoa mnadhimu mkuu wa jeshi, Oyite-Ojok. Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga ikamwondoa yeye.

Wapo wanaosema Dar es Salaam ndiyo iliyovuruga. Si uongo mtupu: Rais Nyerere na Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walikuwa marafiki wa siku nyingi, na Binaisa alipong'olewa askari wetu walikuwepo, wasiingilie. Lakini sioni namna ambavyo Tanzania, ambayo wananchi wake walikuwa wameombwa wafunge mkanda kwa miezi 18, ingewapatia viongozi wa Uganda kile walichokosa tangu Moshi: moyo wa kushindwa mezani bila kukimbilia kambini. Hilo halipakiwi kwenye malori ya jeshi.

Desemba 1980 Obote alitangazwa mshindi wa uchaguzi ambao wapinzani wake waliukataa. Februari 6, 1981 mmoja wao, Yoweri Museveni, akashambulia kambi ya jeshi ya Kabamba, na vita nyingine ikaanza. Mwaka huohuo vikosi vya Tanzania vilirudi nyumbani. Tangu Amin akimbie mpaka Obote arudi madarakani ilipita miezi 20. Ukimhesabu Obote, serikali zilikuwa nne.