Kabichi ya Mgeta na Vidonda vya Tumbo

Juisi ya kabichi husifiwa siku hizi kuwa dawa ya asili ya vidonda vya tumbo, na wauza vidonge vya antioksidanti wameidandia sifa hiyo. Kihistoria, uasili huo ni wa mashaka. Sehemu ya kabichi iliwayo Morogoro na Dar es Salaam huteremshwa kutoka Mgeta, magharibi mwa milima ya Uluguru, ambako gulio la Nyandira hujaa mboga za baridi. Mboga hizo waliziingiza Wajerumani na wamisionari, zikashika kama zao la fedha. Waingereza walipowalazimisha Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, kuchimba matuta ya ngazi miaka ya 1950, watu wa Matombo, upande wa mashariki, waligoma hadi damu ikamwagika mwaka 1955; Mgeta matuta yalipokelewa vizuri zaidi, kwa kuwa huko mboga zililipa. Kabichi ilipandwa iuzwe sokoni, si iwe dawa. Sifa ya dawa ilitoka mbali: mwaka 1949, huko San Francisco, daktari Garnett Cheney alitangaza kwamba wagonjwa 13 waliokunywa juisi mbichi ya kabichi walipona upesi, na kile kiini asichokijua akakiita vitamini U. Watu 13 tu, tena aliowalinganisha na takwimu za madaktari wengine!

Atakuja mtu aseme: mbona wanaokunywa hupata nafuu? Hupata, ila vidonda vya tumbo vina tabia ya kutulia na kurudi vyenyewe, na mtu huikimbilia juisi maumivu yakiwa yamepamba moto, yaani pale ambapo hata asingekunywa kitu huenda yangeanza kupungua. Mwingine atataja panya wa maabara waliokingwa na antioksidanti. Ni kweli, lakini panya hao kwa kawaida hupewa kinga kwanza, kisha hujeruhiwa tumbo kwa pombe kali au dawa ya maumivu. Binadamu mwenye vidonda mara nyingi huwa ameishi miaka mingi na bakteria anayevisababisha. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, ndiye waliyemfichua Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, kuanzia 1982, wakatunukiwa Nobel mwaka 2005. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki. Wala kidonge cha antioksidanti si lazima kiwe salama: utafiti wa Finland uliotolewa mwaka 1994 ulikuta saratani ya mapafu zaidi kwa wavutaji sigara waliopewa beta-karotini, mojawapo ya antioksidanti.

Kabichi ya Nyandira iliwe, ni chakula kizuri. Ila unayeumwa tumbo wiki hadi wiki, kabla hujanunua kopo la vidonge, nenda ukapimwe bakteria huyo. Akionekana, hutibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14.